Sala Nilizoazima Vingunguti

Shangazi yangu wa Goba alisema mimi siwezi kusalisha hata kuku. Aliyasema sebuleni kwake, mbele ya wageni, wiki ile niliyorudi kutoka Sauzi na begi moja la mgongoni na bahasha ya kaki yenye stashahada yangu ya kompyuta.

"Huyu?" alisema, akinionyesha kwa kidevu kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. "Mie ndiye niliyemfundisha huyu sala ya Nasadiki. Mara tatu alianguka mbele ya katekista. Akifika kwa Pilato anarudi mwanzo. Leo anatuambia atasambaza sala kwenye simu za watu! Haya, tupo."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila moyoni niliweka alama.

Sijawahi kuogopa kuambiwa siwezi. Waliniambia siwezi kuishi Sauzi. Nikaishi miaka saba, mchana naosha magari, jioni nasoma, mikono inanuka sabuni mpaka kwenye chumba cha mtihani. Waliniambia mwosha magari hapati stashahada; yangu iko ukutani, nimeitia fremu, na mgeni akikaa kwenye kochi langu hana pengine pa kutazama. Waliniambia nitazeeka mpangaji. Nimejenga Chamazi, vyumba viwili na baraza, na siku ya mechi kelele za uwanjani zinaingia mpaka jikoni kwangu. Nina steshenari yangu barabarani: kopi, picha za pasipoti, laminesheni, kujaza fomu za mtandaoni. Haya yote niliyaweza bila kushikwa mkono. Hilo la sala tu ndilo lililonichoma, maana kwa hilo Shangazi alikuwa amesema kweli.

Nilikuwa na sababu nzuri ya kuanza, na naomba isisahaulike katika haya nitakayoeleza. Kule Sauzi nilikaa miezi mingi bila kusikia Baba Yetu kwa Kiswahili. Siku moja mwenzangu wa kuosha magari, mtu wa Songea, akanitumia kwenye simu masomo ya misa ya Jumapili kwa lugha yetu. Niliyasoma nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia mbele ya gari la mtu. Nikajua tuko wengi: madereva wa malori, wadada wa kazi za ndani Uarabuni, wanafunzi, wagonjwa wasioweza kutoka kitandani. Nilitaka watu hao wafungue simu asubuhi wakute kitu.

Kwa hiyo nilipotulia Chamazi nilianza kazi. Nilipanga masomo ya kila siku. Nilitengeneza vitabu vya novena vya kusomea kwenye simu, nikavipa herufi kubwa kwa ajili ya bibi zetu. Nilitafuta kila mahali mtandaoni ambapo Biblia ya Kiswahili inasomwa bure, nikaandika maelekezo ambayo hata mtu aliyeanza kushika simu ya kupangusa jana angeyafuata. Na kila alfajiri nilituma kadi ya asubuhi: picha ya mshumaa, sala fupi ya maneno ya kawaida, na chini kabisa, kwa herufi za dhahabu, jina langu. Grupu la kwanza likajaa, nikafungua la pili. Likajaa. Nikafika la tano. Watu nisiowajua wakaanza kuniita Mtumishi. Mama mmoja aliyekuja dukani kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, alipojua kwamba ni mimi, alikataa kuketi mpaka niketi kwanza.

Hakujua kwamba sala zile hazikuwa zangu.

Masomo na novena si tatizo. Hayo ni ya Kanisa na kila mtu anajua. Nasema zile sala za kwenye kadi. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya kompyuta na kikombe cha chai, nikaandika "Ee Mungu". Nikasubiri. Nikaongeza "mwenyezi". Chai ikapoa. Mimi mtu akiniletea kompyuta iliyokufa naifufua, lakini pale nilikwama kama nilivyokuwa nikikwama kwa Pilato. Sala za kitabu nilizijua. Kuzungumza na Mungu kwa maneno yangu mwenyewe, sikuwahi kuweza, na hata sikujua watu wanaanzaje.

Ndipo nikawakumbuka watu wa Vingunguti.

Nilipotoka Goba na hasira zangu, aliyenipokea ni mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, anayekaa nyuma ya machinjio ya Vingunguti. Kwake hukai bure: kila Jumamosi asubuhi alinivuta kwenye jumuiya. Jumuiya yao ni kaya kumi na kitu za mtaa mmoja, wanakutana kwa zamu, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Wanaimba, wanasoma Injili, kisha kila mwenye nia anaitaja na kuiombea kwa sauti. Mwenyekiti, mzee anayefanya kazi ya kutia ngozi chumvi pale machinjioni, alinitazama wiki ya pili tu akasema, "Mwenye stashahada ashike kalamu." Nikawa katibu. Nilipewa daftari kubwa la kuandika nia za watu, ili Jumamosi inayofuata niwasomee na kila mmoja aseme Mungu amemjibu nini. Hata nilipohamia Chamazi niliendelea kwenda. Niliandika nia za wote. Yangu sikuwahi kutoa, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa nilikuwa na kalamu.

Wana desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Nia zikiisha, mwenye nyumba anauzima mshumaa kwa vidole, haupulizi, anasema, "Ya humu yamelala humu." Sisi tunaitikia, "Yalale." Hapo ndipo chai inaletwa. Niliitikia hivyo kila Jumamosi, kwa sauti nzuri tu.

Aliyekuwa akisali kuliko wote ni mama mmoja anayeuza supu ya kongoro nje ya geti la machinjio. Alikaa karibu na mlango ili kanga yake isiwasumbue watu kwa harufu ya kuni. Zamu yake ikifika alianza vilevile siku zote: "Baba, nimekuja na moshi wangu." Kisha anaongea na Mungu kama mtu aliyekaa naye benchi moja. Siku moja nilimsikia akisema, "Baba, jana nimemtukana mteja aliyeondoka na bakuli langu. Mie nisamehe. Lakini na yeye mkumbushe bakuli." Tulicheka, na yeye akacheka humohumo ndani ya sala, kisha akaendelea.

Basi nikaazima. Ndivyo nilivyojiambia, kuazima, na jumuiyani hakuna aliyekuwa kwenye magrupu yangu. Nililitoa bakuli, nikamtoa mteja, nikabakiza ule mwanzo na maneno mawili matatu ya msamaha. "Baba, nimekuja na moshi wangu." Siku hiyo simu haikutulia. "Mtumishi, umenigusa!" "Moshi wangu unajulikana na Mungu tu!" Mwalimu mmoja wa Mbeya akaandika maelezo marefu kwamba moshi ni mateso ya mwanadamu yanayopanda mbinguni. Nilimjibu, "Umeona mbali, mwalimu." Mimi nilikuwa nimekaa chini ya feni, napikia gesi.

Baada ya hapo sikuandika tena "Ee Mungu mwenyezi". Nilichukua kwa mwenyekiti, ambaye sala yake yote ni "Baba, unaona mwenyewe." Nilichukua kwa mama mkubwa, anayewaombea waliolala na hasira. Nilichukua hata kwa jirani yangu wa Chamazi, bibi wa Kiislamu, mzaliwa wa hapahapa pwani, ambaye kila akiniona na begi huniombea dua mlangoni kwake: "Mungu akupeleke salama, akurudishe salama, na huko kati asikuache." Ilikuwa kadi ya wasafiri, ikapendwa mno na madereva wa malori.

Na jeuri ilikuwepo. Nilipogundua kwamba watu wanakata jina langu chini ya kadi kabla ya kuzituma mbele, nilipandwa na hasira. Nikatuma onyo magrupu yote matano: "Anayekata jina la mwenye kazi ni mwizi mbele za Mungu." Nililiandika kwa herufi kubwa. Nikikumbuka onyo hilo leo, masikio yangu yanapata moto nikiwa peke yangu.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mvua. Tulikuwa saba tu. Mama wa supu alifika ameloa, akakaa palepale mlangoni, na zamu yake ilipofika akaanza.

"Baba, nimekuja na moshi wangu. Leo ni mzito. Mtazame mtoto anayeniita mie mama, na mama yake anamwita dada. Umri wa kuuliza unamkaribia. Tuonyeshe sie siku ya kumwambia, asije akaambiwa na watu."

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Tulielewa. Binti yake mkubwa alipata mimba akiwa shuleni. Mama akamlea mjukuu kama kitinda mimba wake, akamrudisha binti masomoni. Mtoto alikuwa sasa darasa la sita, msichana mwembamba anayesoma vizuri kuliko wote shuleni kwake, na hakujua.

Mshumaa ukazimwa. "Ya humu yamelala humu."

"Yalale," nikasema.

Kwenye daftari niliandika maneno matatu: "Mama supu, mtoto." Lakini sentensi yenyewe nilirudi nayo Chamazi kichwani. Sikuwa nimewahi kusikia sala kama ile. Jumatatu alfajiri nikaiweka kwenye kadi. Nilijiambia: sikutaja jina, sikutaja mtaa, Tanzania ni kubwa, nyumba za namna hiyo ni ngapi? Na kweli, watu wakaandika, "Hii ni mimi kabisa." Mdada mmoja aliye Oman aliniandikia kwamba ameamua kumwambia mwanawe ukweli. Nilitembea siku nzima kifua mbele. Nilisema hii ndiyo kadi bora niliyowahi kutoa.

Alhamisi mama mkubwa akapiga simu. Alisema neno moja, "Njoo."

Nilimkuta amekaa kitandani na kanga begani, hajawasha jiko. Alinisimulia kama alivyosimuliwa na mama wa supu mwenyewe. Asubuhi ya Jumatano mbeba nyama mmoja, mteja wa kila siku, alikuwa akinywa supu. Mtoto akapita na sare ya shule kuchukua chapati yake. Yule bwana akamwita, "Mwanangu, hebu nisomee hii niliyotumiwa, macho yangu na herufi hizi hawasikilizani." Mtoto akasimama wima kama mstarini shuleni, akasoma kwa sauti: "Baba, nimekuja na moshi wangu."

"Mwenzangu akadhani anaota," mama mkubwa alisema. "Anasikia sala yake inatoka kwenye mdomo wa yule mtoto. Mwenyewe hana hata simu ya kupangusa, ana kitochi. Akataka kumzuia, sauti haitoki. Mtoto akasoma mpaka mwisho. Upawa umezama kwenye sufuria. Halafu mtoto akasema, 'Mama, huyu mtu anasali kama wewe.' Akacheka. Kisha akarudia kusoma peke yake, midomo inacheza. Akamrudishia baba wa watu simu yake, akachukua begi. Shule hakwenda. Kaenda saluni kwa dada yake."

"Na dada?"

"Angesema nini? Amemwambia. Huku ana kichwa cha mteja mkononi." Mama mkubwa alifuta pua kwa pindo la kanga. "Tangu jana haiti mtu. Akitaka chumvi anasema, 'Naomba chumvi.' Hasemi mama, hasemi dada. Anaongea kama yuko dukani."

Sikuweza kukaa. Nikauliza kadi imeandikwa na nani. Nililiuliza hilo swali kwa mdomo wangu huu.

"Haina jina. Ila Jumamosi ile tulikuwa saba, na sie wenyewe tunajuana. Mwenye mdomo mrefu ni mie. Wananitazama mie."

Nilikwenda kwa mbeba nyama, nikamwomba nione. Ilikuwa kadi yangu, mshumaa wangu, maneno yangu ambayo si yangu, na chini pale palipokuwa na dhahabu pamekatwa. Nilimshukuru mwizi. Sitaificha hiyo: kitu cha kwanza nilichohisi ni shukrani.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti aliniambia nianze kwa kusoma tangazo. Nikasimama na daftari. "Wanajumuiya wanakumbushwa kutunza ya jumuiya." Sauti yangu haikutetemeka, na hilo linanitisha mpaka leo. Mama mkubwa alikuwa ametazama miguu yake. Mama wa supu alikuwa mlangoni, na zamu yake ilipofika alisema, "Leo sina."

Wiki ya pili, "Leo sina." Wiki ya tatu, "Leo sina." Na mimi kila mara niliandika "hana". Wiki ya nne mama mkubwa, ambaye aliwahi kwenda jumuiya na malaria, aliniambia, "Nenda mwenyewe, mie kichwa." Sikwenda. Nilifanya jambo ambalo mwoga hulifanya: nilikwenda kutafuta mwingine wa kulaumiwa. Mbeba nyama alikuwa amenitajia aliyemtumia kadi. Ni mteja wake anayeagiza nyama ya kuchoma huko Goba. Ni Shangazi.

Nilimkuta kwenye banda lake la nyama, anageuza mishikaki.

"Shikamoo, Shangazi. Wewe ndiye uliyekata jina langu kwenye kadi?"

"Marahaba. Ni mie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si lako." Hakuinua hata macho. "Mie nimesikia watu wakisali tangu sijavunja ungo. Ile ni sala ya mwanamke, tena anayepikia kuni. Wewe kuni hujawahi hata kupasua. Nikasema, kijana kaazima. Sala ilikuwa nzuri, nikawatumia watu wangu. Jina la uongo nikaliondoa."

"Imewaumiza watu, Shangazi. Ungeniuliza kwanza."

"Wewe ulimwuliza?"

Nilishuka kilima cha Goba kwa miguu mpaka barabara kuu.

Jumamosi jumuiya ilikuwa kwa mwenyekiti. Nilimwambia mama mkubwa kwamba nina jambo la kusema mbele ya watu, na asipokuja nitaliahirisha, akaja. Kabla ya nia nikaomba kusema. Nilisema, "Aliyeyatoa ya humu ni mimi."

Mtu mmoja akaguna. "Anamfichia mama yake mkubwa. Katibu bwana!"

Nikatoa simu, nikaonyesha kadi kama nilivyoituma, yenye dhahabu chini. Ikazunguka mkono kwa mkono. Mama mkubwa alipoishika hakuitazama. Aliipitisha tu, kama mtu anayepitisha sahani ya moto. Ilipofika mlangoni, mama wa supu aliisogeza mbali na uso, akakunja macho.

"Haka ka njano ndiko jina lako?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe moshi wangu umevaa dhahabu." Akamrudishia jirani yake simu. "Sikiliza, baba. Maneno hujaniibia, maneno ninayo mengine. Umenichukulia siku. Ilikuwa yangu ile siku ya kumwambia. Nimeiomba kwa Mungu, wewe ukaitoa kabla hajanijibu. Hiyo utanirudishiaje?"

Mwenyekiti alikohoa. "Aanze na yanayorudishika," alisema.

Nikaanza. Niliwaandikia watu wa magrupu yote matano kwamba sala za kwenye kadi si zangu. Nilizichukua kwa watu waliosali mbele yangu kwa kuniamini, bila kuwaomba. Kadi ya mtoto niliifuta na kuwasihi wasiitume tena. Walinifanyia ninavyostahili. "Mtumishi feki." "Ulituita wezi, kumbe jambazi ni wewe." Wakatoka kwa mafungu, grupu la tano tulibaki mimi na dereva mmoja wa lori, nadhani hakuwa na mtandao. Mwalimu wa Mbeya aliuliza, "Na ule moshi?" Nikamjibu, "Ni wa supu ya kongoro, mwalimu." Hakuandika tena.

Kisha nikaenda kwa mmoja mmoja. Bibi jirani alinisikiliza mlangoni kwake, mkono kwenye shavu, halafu akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Kumbe dua yangu imebatizwa! Usiifute, mwanangu, waache wasafiri nayo. Ila useme ni ya bibi wa jirani." Mwenyekiti alishangaa. "Yangu ina maneno matatu. Uliiba nini hapo?" Nilisisitiza, akanisamehe ili nimwache aendelee na kazi. Shangazi nilimkuta bandani, nikamuuliza yeye ananidai nini. "Nasadiki," akasema. Nikasimama katikati ya wala nyama, nikaisema yote. Nilipovuka kwa Pilato alinitazama kwa mara ya kwanza. Nilipomaliza, akasema tu, "Miaka mingapi hiyo," na akageuza mshikaki.

Mama mkubwa ndiye aliyekuwa mgumu. Nilipiga magoti kwenye saruji ya chumba chake. Siku mbili hakusema kitu. Jumamosi asubuhi alitoka na kiti chake cha plastiki, kwa maana tulikokuwa tukienda viti havitoshi, akaniwekea mbele. "Beba," alisema. Nikakibeba nyuma yake, mtaa mzima ukiona, na sijawahi kubeba kitu chepesi kama hicho.

Alibaki mama wa supu. Nilikwenda kwake mara nyingi, saa za mchana sufuria ikiwa tupu, na kila mara alinipa jibu hilohilo: "Langu lina mwenyewe. Akiwa tayari nitakwambia." Miezi mitatu ilipita. Jumuiyani bado alikuwa akisema, "Leo sina."

Siku ilipofika, jumuiya ilikuwa nyumbani kwake. Aliniita mapema kabla ya watu. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anachambua mchele kwenye ungo. Kufikia wakati huo alikuwa ameshapanga mwenyewe: bibi yake ni Mama, na aliyemzaa ni Mama wa Saluni. Nilikaa chini ili nisimzidi urefu.

"Ile sala uliyoisoma, mimi ndiye niliyeiandika kwenye simu. Niliichukua kwenye jumuiya bila kuomba. Nisamehe."

"Najua," alisema. Aliendelea kuchambua. "Ulikuwa unataka nini?"

Nilifikiria kumweleza habari za Sauzi na ndoo na madereva wa malori. Yote hayo ni kweli, lakini hayakuwa jibu la swali lake.

"Nilitaka watu waone naweza kusali."

"Unaweza?"

"Siwezi."

Akatupa kijiwe nje ya ungo.

Watu wakaja, tukaimba, tukasoma. Simu zote, tangu siku niliyokiri, zinawekwa kwenye kapu nje ya mlango, na yangu ndiyo hutangulia. Nia zikaanza. Nikaandika ya mwenyekiti, nikaandika ya mama mkubwa. Mara mtoto akanyoosha mkono kama darasani.

"Katibu hajawahi kutoa nia."

Watu wakatazamana. Ilikuwa kweli. Mtoto akainuka, akaja mpaka nilipokaa, akachukua daftari mikononi mwangu, na kalamu, akarudi kukaa karibu na bibi yake. Akafungua ukurasa. Akangoja.

Sikuwa na kitu cha kushika. Nilisikia mafuta yakichemka nyumba ya jirani.

"Baba," nikasema. Nikakwama. "Baba, mimi sina moshi. Nimechukua siku ya mtoto huyu na siwezi kuirudisha. Sijui niseme nini kingine. Amina."

"Fupi kama yangu," mwenyekiti alisema, na watu wakacheka kidogo, na mimi nikawa natokwa na machozi bila mpango. Mtoto alikuwa akiandika. Aliandika neno kwa neno, kwa mwandiko wa darasa la sita, na bado ipo kwenye daftari lile.

Zamu ikafika mlangoni. Nilisubiri yale maneno mawili niliyoyazoea. Mama wa supu alimtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, akafunga macho.

"Baba," alisema, "nimekuja na moshi wangu."

Alichosema baada ya hapo hakimo humu. Kabla sijaandika habari hii nilikwenda kumwomba ruhusa, mtoto akamsomea kila mstari, na mahali hapa aliniwekea mpaka. Ni yeye pia aliyesema nisitaje jina la mtu yeyote, hata langu.

Siku hiyo ndipo nilipomaliza kuwalipa wote niliowaazima, isipokuwa ile siku moja isiyolipika. Nia zilipoisha mama wa supu hakuuzima mshumaa mwenyewe. Alimsukuma mtoto bega. Mtoto akalamba vidole viwili, akaubana utambi.

"Ya humu yamelala humu," akasema.

Nilisubiri wengine waanze kuitikia, ndipo nami nikaitikia.